Watoto wa Mbugangari Walipompa Mdogo Wangu Jina

Nyumba yetu ya Mbugangari, mtaa mmoja wa mji wa Gisenyi, ilikuwa na harufu mbili, na harufu hizo mbili hazikuwa zikisalimiana. Ya kwanza ilikuwa ya kwetu wenyewe. Kila asubuhi Bibi alichoma majani makavu kwenye kigae, akavifunika vyombo vyake vya maziwa juu ya moshi ule mpaka vikanukia. Moshi huo mtamu, mzito kidogo, uliingia kwenye mablanketi, kwenye sare yangu ya shule na kwenye nywele zangu, hata mwalimu akaniuliza siku moja kama kwetu tunalala jikoni. Harufu ya pili ilitoka upande wa pili wa ua, kwa Mama Furaha. Yeye alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu visivyozidi urefu wa kidole, na jua likiwa kali alivianika juu ya wavu mkuukuu alioutandaza kwenye mawe meusi ya volkano. Asubuhi ikishapamba moto, upepo wa ziwani uliamka, na sambaza wa Mama Furaha wakavuka ua bila kupiga hodi. Hapo Bibi alivuta kanga yake puani, akatazama juu kama mtu anayeshtaki kwa Mungu, akasema, "Haya, wageni wetu wamefika."

Bibi alikuwa mama wa baba yangu, na alikuwa mtu wa ng'ombe kuanzia utosini mpaka unyayoni. Aliondoka Rwanda akiwa mke kijana, baba yangu mgongoni na chombo kimoja cha maziwa mkononi, kile cha mti mweusi kinachoitwa icyansi, ambacho mama yake alimpa siku ya kuolewa. Aliishi Karagwe, Tanzania, mpaka mvi zikamjaa kichwani. Tuliporudi, alirudi na mvi hizo, na chombo kile kile, na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo ambaye tulimfunga nyuma ya nyumba kama vile mji wa Gisenyi ni malisho. Kwao hasa kulikuwa Bugeshi, huko juu kwenye baridi, chini ya volkano. Barabara ilipotulia, Baba, aliyekuwa akinunua viazi huko na kuviuza soko la Mahoko, alimpandisha kwenye lori akatazame alipozaliwa. Bibi alirudi jioni amekaa mbele na dereva, mfuko wa viazi mapajani. Hakukuta nyumba, hakukuta kilichobaki cha nyumba, wala hakukuta mtu wa kumwita kwa jina lake la utotoni. "Viazi tu ndivyo vilivyonikumbuka," alisema, akacheka peke yake, na sisi hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka naye.

Basi tukabaki mjini, katikati ya watu wa ziwa. Majirani zetu wengi walikuwa wavuvi, wapiga makasia na wanawake wauza samaki, watu wenye sauti kubwa na mikono iliyokauka kwa maji na jua. Alfajiri tuliwasikia wavuvi wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa kupokezana, na nyimbo zile zilikuwa nzuri kiasi kwamba hata Bibi aliacha kukamua kidogo akasikiliza. Lakini kusikiliza ni kusikiliza na kula ni kula. Kwa watu wa ng'ombe wa enzi zake, samaki hakuwa chakula cha kuingia nyumbani, na samaki kukutana na maziwa katika chombo kimoja lilikuwa jambo la kutotajwa. Aliamini kabisa kwamba ng'ombe ambaye maziwa yake yamechanganyika na samaki hukauka kiwele. Sijui ni ng'ombe wangapi waliwahi kukauka kwa sababu hiyo. Nilimwuliza mara moja, akanijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi cha kujaribu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nilikuwa sina rafiki. Nasema hivi bila kujihurumia, maana ndivyo ilivyokuwa. Kinyarwanda changu kilikuwa kimekulia ugenini, na Kiswahili changu kilikuwa cha shule ya Karagwe, kilichonyooka kama rula. Watoto wa Mbugangari, ambao Kiswahili chao kilivuka mpaka kutoka Goma kila asubuhi pamoja na vitambaa na sabuni, walikiona kichekesho kikubwa. Waliniita "Tanzania". Nikipita kwenda kuchota maji walisema, "Tanzania, semesha kidogo tusikie radio!" Hawakuwa wabaya. Walikuwa tu wengi, na mimi nilikuwa mmoja. Jioni nilisimama kwenye ua, nikachungulia kati ya miti, nikamwona Furaha, binti wa Mama Furaha, akiruka kamba na wenzake, mdogo wake Toto akiwafuata nyuma uchi wa mnyama na pua zikimtiririka. Nilitamani kuruka kamba ile mpaka miguu ilikuwa ikiniwasha.

Kiangazi kile Mama alikuwa mjamzito, na tumbo lake ndilo lililotawala nyumba. Bibi alikuwa na mpango mmoja tu duniani. Alitaka mtoto huyu apewe jina na watoto. Kwetu mtoto akizaliwa, siku ya nane watoto wa jirani huitwa. Hupewa vijembe, au vijiti kwa walio wadogo, wakalima kipande kidogo mbele ya nyumba kana kwamba ni watu wazima. Kisha mtu mzima huwanyunyizia maji na kupiga kelele kwamba mvua imekuja, nao hukimbia ndani kujikinga, hunawa, hula pamoja chakula cha mtoto, na kila mmoja husema jina ambalo angependa mtoto yule aitwe. Kila ukoo una namna yake ya kupamba shughuli hiyo, lakini bila watoto haipo. Usiku ule baba ndiye hutoa jina lake mwenyewe. Hata hivyo, Bibi alisema, jina la baba linamwambia mtoto ametoka wapi, na majina ya watoto yanamwambia atacheza na nani.

Jina langu mimi, kusema kweli, lilitokana na kichekesho. Nilipozaliwa Karagwe tulikaa mbali na Wanyarwanda wenzetu, na siku ya nane walipatikana binamu zangu wawili tu, mmoja akiwa na surua. Bibi hakukubali kushindwa. Alimwita mjomba wangu mwenye ndevu mpaka kifuani, akamwita na mchunga ng'ombe wetu, akawapa vijembe, akawaamuru wawe watoto. Mama husema kwamba mjomba alilima vizuri sana, alikimbia mvua vizuri sana, ila alipoulizwa jina alilia machozi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Tangu siku hiyo Bibi alijiapiza kwamba mjukuu atakayezaliwa nyumbani atapewa jina na watoto wa kweli, wa udongo wa kweli. Mwacha mila ni mtumwa, alisema, na yeye alikuwa ameshakuwa mkimbizi, hakutaka kuongeza na utumwa.

Mtoto alikuja mchana wa jua kali, kabla ya wakati aliopangiwa. Baba alikuwa Mahoko na viazi vyake. Mama alikuwa akipepeta mchele, ungo ukamponyoka, akashika mlango. Bibi, ambaye alikuwa ameshazalisha ndama wasiohesabika na alijisifia kwamba hakuna uchungu wa kumtisha, alipomwona mkaza mwanawe akijikunja namna ile alianza kuzunguka uani akitafuta kitu ambacho hata yeye hakukijua. Aliyekuja ni Mama Furaha. Alisikia kelele, akaruka ua pale palipokuwa chini, sketi imepandishwa, mikono bado ina magamba ya sambaza. Alimtazama Mama mara moja tu, akatoka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita kwa kusimama katikati ya njia na kukataa kuondoka. Katika haraka ile Bibi aliingia ndani, akamimina maziwa ya asubuhi kwenye chombo kilichokuwa karibu, akamkabidhi Mama Furaha dirishani. "Mnyweshe akishajifungua, mwanangu, mnyweshe yote!" Gari liliondoka, vumbi likatulia. Hapo ndipo Bibi aligundua kwamba alichompa kilikuwa icyansi chake cha ndoa.

Ndugu yangu alizaliwa jua likizama, mzima, mwenye hasira. Mama alirudi nyumbani siku ya pili, lakini chombo hakikurudi. Bibi hakukiulizia. Ungewezaje kumdai chombo mtu aliyekushikia mkaza mwana? Ila kila upepo wa ziwani ulipovuma nilimwona akitazama kule upande wa pili wa ua, kwenye nyumba ya wavu na mizani na masufuria ya mafuta, akijaribu kutofikiria kilichokuwa kinawekwa ndani ya chombo cha mama yake.

Jioni ya kuamkia siku ya nane nilitumwa kualika. Bibi alinivalisha gauni la kanisani na kunifundisha maneno ya kusema. Niliona afadhali nikachunge simba. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikasimama mlangoni, nikasema kwamba Bibi yangu anawaomba watoto waje kesho kumpa mdogo wangu jina. Wakubwa walinisikiliza kwa upole, wakasema asante. Watoto walitazamana. Kwa Mama Furaha hakukuwa na mtu ila Toto, amekaa kwenye ndoo, akinitazama kama mnunuzi. Nikamweleza yeye. Nyumba ya mwisho wavulana wawili waliniigiza nilivyosema "tafadhali", wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliporudi Bibi alikuwa getini. "Watakuja?" Nikasema sijui. Akaniuliza tena tulipokuwa tukila, na tena alipozima taa, na safari ile ya tatu sauti yake haikuwa ya bibi yangu hata kidogo, ilikuwa ya mtu mdogo mwenye hofu. Nilimwambia watakuja. Sikuwa na ushahidi wowote.

Asubuhi alipika maharagwe, viazi na mboga za majani, akavichanganya na siagi ya Bihogo mpaka vikang'aa, akavimimina kwenye ungo mpana uliotandikwa majani ya migomba. Aliweka maziwa pembeni. Alipanga vijembe ukutani, na vijiti, akavipanga upya. Mama alikaa kwenye jamvi na mtoto, amevaa kitenge kipya. Baba alikuwepo, amefunga kazi kwa ajili ya siku hiyo, na kwa kukosa la kufanya alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Tukasubiri. Jua lilipanda. Siagi ikaanza kuganda pembezoni mwa ungo, nzi wakaja, nami nikapewa tawi niwafukuze. Njiani hapakupita hata mtoto mmoja, jambo ambalo Mbugangari halijawahi kutokea. Siku zote walikuwa wamejaa kama siafu. Baba alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda angekwenda kuwaita dereva wake na utingo. Bibi alizidi kutazama njia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Nilijisikia aibu ya ajabu, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake, kwamba mtu anaweza kurudi kwao na bado akasubiri mgeni asije.

Kisha tukasikia miguu. Furaha ndiye aliyetangulia, amemshika Toto mkono, na nyuma yao watoto, watoto, watoto, wamejipanga mstari mmoja kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Walikuwa wanang'aa. Nywele zilikuwa bado zinachuruzika maji, magoti yamesuguliwa mpaka meupe, na wote walinukia sabuni kiasi kwamba Bihogo alipiga chafya. Hata Toto alikuwa amevaa nguo. Sisi tulibaki midomo wazi. Furaha alinisogelea, akaninong'oneza, "Mama ametuogesha wote ku ziwa, toka asubuhi. Eti bibi yako hapendake harufu ya samaki. Amesema mutu asikuje na harufu ya samaki kwa ile nyumba." Wale wavulana wawili walioniigiza walikuwa mwisho wa mstari, masikio yao mekundu kwa kusuguliwa, na ulikuwa mwonekano mtamu kuliko sukari.

Nyakati nyingine nikifumba macho naiona ile saa moja iliyofuata, na sioni mahali pa kuanzia kuisimulia kwa sababu yote ilikuwa kelele. Walilima kipande kile kama wamelipwa. Waligombea vijembe, walirusha udongo, mmoja alikutana na mnyoo akautembeza kwa kila msichana. Baba alitoka nyuma ya nyumba na ndoo, akapiga ukelele, "Mvua! Mvua inakuja, kimbieni!" akawamwagia maji yote bila kubagua, na sabuni ya Mama Furaha ikapotea bure. Walikimbia ndani wakipiga mayowe ya furaha, mimi katikati yao, mtu amenishika gauni, mimi nimemshika mtu shati, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Gisenyi hakuna aliyeniita Tanzania, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuita. Tukanawa, tukauzunguka ungo, magoti yakigusana. Bibi alisimama juu yetu akitugawia kwa mikono yake. Sijapata kumwona mzuri kama alivyokuwa siku ile.

Ndipo Mama Furaha akapiga hodi. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na kubeba icyansi kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi kinavyopaswa kubebwa. Kilikuwa kimefunikwa vizuri na kimefutwa mpaka kinang'aa. Niliona Bibi akishusha pumzi. "Mama mukubwa," alisema Mama Furaha, akipiga goti kidogo, "mi narudisha chombo yako. Ile siku ilikuja kwetu na maziwa, na mi siwezi kuirudisha tupu. Kwetu chombo ya mutu hairudiake tupu. Ni kitu kidogo tu, ya batoto, iko ya moto bado." Akafunua. Mvuke ukapanda, na pamoja na mvuke ikapanda ile harufu: sambaza waliokaangwa kwa chumvi na ndimu, wamejaa mpaka mdomoni, ndani ya chombo cha maziwa cha mama yake Bibi.

Mkono mtupu haulambwi, na mwanamke yule alikuwa ameleta mkono wake umejaa. Alikuwa amewasugua watoto wa mtaa mzima ili wasinuke samaki, kwa sababu kunuka samaki ni jambo la kuona haya kwa mtu yeyote. Lakini samaki mwenyewe, mbichi wa asubuhi ile, aliyekaangwa vizuri? Angewezaje kukisia kwamba kuna watu duniani ambao kwao hiyo si zawadi? Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alitazama ukuta. Watoto waliacha kula maharagwe, na pua zao zote zikageuka upande mmoja. Mama Furaha alibaki amenyoosha mikono, tabasamu lake likianza kupungua kidogo kidogo, maana hakuwa mjinga, na alikuwa ameanza kuona kwamba kuna kitu amekosea bila kukijua. Mimi nilijua kwamba Bibi akikisukuma chombo kile, au akikunja uso tu, mama huyu atageuka aondoke, na watoto wote watainuka wamfuate, na mdogo wangu atabaki kwenye jamvi bila jina.

Bibi alikitazama chombo chake. Alikitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko misa. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, kama apasavyo kupokea mtu mwenye adabu, akainama, akamimina sambaza wote katikati ya ungo, juu ya maharagwe na siagi ya Bihogo, akakung'uta mpaka wa mwisho akadondoka. "Asante, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Karibu ukae. Kuleni, watoto, kuleni. Mnasubiri vipoe?" Sikumbuki kelele kubwa kuliko ile iliyofuata. Mikono ishirini iliingia kwenye ungo kwa pamoja. Bibi aliburuta kigoda chake mpaka upande upepo unakotoka, akaketi, kanga puani, machozi yakimtoka, akicheka.

Na majina yakaja. Mmoja alisema aitwe Dereva. Mwingine akasema Amani. Wale wavulana wawili walibishana kati ya Simba na Kapiteni. Furaha, mwenye busara za mama yake, alisema aitwe Karibu. Mimi nilisema jina ambalo nilikuwa nimelitunga kwa wiki nzima, refu, zuri, na hakuna aliyelisikia. Ikafika zamu ya Toto. Alikuwa mdogo kuliko wote, mashavu yamevimba, mkia wa samaki umejitokeza pembeni mwa mdomo. Bibi akamwinamia. "Na wewe, baba, unasema aitwe nani?" Toto akatafuna, akameza, akamtazama mtoto kwenye jamvi, akatazama ungo, akatangaza, "Sambaza." Nyumba ikalipuka. Baba alicheka mpaka akatoka nje. Mama Furaha alijifunika uso kwa kitenge, akisema, "Yebaba we, huyu mutoto ananiharibia!" Lakini jina lililotolewa na mtoto siku ya nane halikataliwi, na Bibi, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kulikataa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitamka. "Sambaza," alisema polepole, kama mtu anayeonja dawa, akamchukua mjukuu wake mikononi. "Haya, Sambaza. Umefika kwenu."

Usiku Baba alimpa jina la Ishimwe, na ndilo liko kwenye vyeti. Bibi hakutia tena maziwa kwenye icyansi kile. Asingeweza, na hatukumtegemea aweze. Mama alimwambia anasikitika sana kuhusu chombo alichopewa na mama yake. Bibi akajibu, "Chombo nitachongewa kingine. Watoto wale ningewachonga wapi?" Akakirudisha kwa Mama Furaha kimejaa viazi, naye akakirudisha kimejaa ndizi, na kikaendelea kwenda na kurudi juu ya ua mpaka kikapasuka kwa uzee, na siku kilipopasuka wote wawili walikilaumu kile kipande cha ua kwa kuwa juu mno. Samaki Bibi hakula mpaka kufa kwake. Bihogo naye, kwa taarifa ya wenye wasiwasi wote, hakukauka.

Siku zilizobaki za likizo ile niliruka kamba mpaka kandambili zikachanika. Nilijifunza kuogelea nikiwa nimeshikilia kiuno cha Furaha, nikanywa nusu ya ziwa Kivu, nikajifunza kukaa juu ya mawe ya moto nikikauka huku nikitazama Nyiragongo ikifuka moshi upande wa pili wa mpaka kama mzee anayevuta kiko bila haraka. Wale wavulana wawili walinifundisha Kiswahili chao, nami nikawafundisha "tafadhali", na tukaitumia kwa kila kitu, hata kwa mbuzi. Nilikuwa na furaha. Nimesoma, nimesafiri, nimependa na kupendwa, lakini furaha ile ya kuwa mmoja kati ya wengi, miguu kumi na minane ikikimbia kuelekea majini, sijaipata tena, na siku nyingine ninaililia kama mtu.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Nilipanda basi la usiku nikiwa na hofu moja ya kipuuzi, kwamba ukoo wetu ni mdogo, wengi walibaki Karagwe, nani atambeba? Nilifika asubuhi, nikakuta jeneza limeshainuliwa. Walilibeba wanaume sita, na niliwajua wote kwa magoti yao. Wawili walikuwa wale wa Simba na Kapiteni. Mmoja alikuwa Toto, mrefu kama mlingoti, mvuvi sasa, amevaa koti la kuazima. Hakuna aliyewaita. Furaha alikuwa jikoni na masufuria. Nililia siku ile kwa huzuni, na kwa kitu kingine ambacho si huzuni.

Sasa naishi Kigali, kwenye mtaa mzuri wenye lami, taa na kuta ndefu. Mwezi uliopita nilijifungua binti. Jina lake mimi na baba yake tulilichagua kwa simu, tukilinganisha majina usiku, na ni jina zuri. Siku ya nane walikuja wafanyakazi wenzangu, na keki, na puto, wakakaa saa mbili, wakapiga picha, wakaondoka kwa sababu ya foleni. Sambaza, yaani mdogo wangu Ishimwe, anafundisha hesabu Rubavu, na wanafunzi wake wanadhani hajui wanavyomwita. Alinipigia jioni ile kunipongeza. Akauliza uzito, akauliza nywele, kisha akauliza, kwa wepesi tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na watoto wamesema aitwe nani?"

Nilitazama puto zilizobaki ukutani. Hapakuwa na mtoto. Miaka minne nimekaa hapa, na nilikuwa sijui hata kama upande wa pili wa ukuta kuna watoto. Nasikia mpira ukigonga, nasikia mtu akiitwa kula, lakini majina yao siyajui, wala wao hawalijui langu. Tulirudi kutoka mbali sana, sisi, na mimi nikajijengea ugeni wangu mwenyewe kwa tofali na saruji. Lawama nimeikubali. Lakini sikulelewa na mwanamke anayekubali kushindwa.

Jumamosi nilipika maharagwe mengi kuliko ya nyumba yangu. Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikatoka, nikapiga hodi kwenye geti la kijani la jirani. Lilifunguliwa na msichana wa umri wa miaka saba hivi, viatu vya magurudumu miguuni, amejishikilia getini asianguke. Alinitazama, akazunguka nyuma yangu kumtazama mtoto, akamgusa kisigino.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

"Bado hajapewa jina," nikasema. "Wewe unasemaje?"

Akamtazama binti yangu kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa kazi kubwa. Kisha akageuka, akapaza sauti kuelekea uani, akawaita wenzake waje.